Maktaba ya chuo inakutisha? Majibu ya mkutubi

Shikamoo mama. Niko mwaka wa kwanza. Nikifika tu mlangoni pa maktaba moyo unanidunda, wenzangu wote naona wanajua wanachofanya. Nina tatizo gani? (Mwanachuo, Mbeya)

Marahaba mwanangu. Huna tatizo, na hao wenzako hawajui kama unavyodhani. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Constance Mellon, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya wanafunzi wa chuo kikuu walioandika jinsi walivyojisikia wakitafuta habari maktabani. Asilimia 75 hadi 85 walitumia maneno ya woga. Jengo kubwa, vitu hawajui viko wapi, pa kuanzia hawapaoni. Tena kila mmoja aliamini mjinga ni yeye peke yake, akaona aibu kuuliza. Aibu hiyo ndiyo inayoulea woga. Mwambie mwenzako mmoja kwamba hujui pa kuanzia, uone kama hatashusha pumzi.

Zile herufi na namba mgongoni mwa kitabu zinasomwaje? Nazunguka mpaka natoka mikono mitupu.

Kama chuo chenu kinafuata mpangilio wa Library of Congress (maktaba ya Bunge la Marekani), HB ni nadharia ya uchumi, QA ni hisabati, na Kiswahili kiko PL 8701 hadi 8704. Anza na herufi, kisha namba nzima kama ilivyo: 876 hutangulia 8701. Mtego uko mstari unaofuata. .M45 na .M5 zinasomwa kama desimali, kwa hiyo .M45 ndiyo inayotangulia. Wengi huitafuta baada ya .M5, wakaondoka wakisema kitabu kimeibwa!

Mkutubi wetu kanuna muda wote. Lazima nimuulize yeye?

Subiri zamu ibadilike. (Wengine wetu sura ndizo hizi hizi, tumezaliwa nazo.) Ila usiseme "naomba kitabu cha uchumi", utaonyeshwa ghorofa nzima. Mwonyeshe swali lenyewe ulilopewa na mwalimu.

Kila kitu kiko kwenye simu. Maktaba ya nini?

Jaribu kufungua makala ya jarida la kitaaluma ukiwa nyumbani, mara nyingi utadaiwa dola. Chuo huenda kimeshalipia, au kinayapata kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Kaulize maktabani namna ya kuingia, kisha kasome kwenye simu yako hiyo hiyo.