Kwa Anayeanza Kuongoza Wageni Kwenye Mapango ya Mlima Elgon

Mwongozaji mpya anapofika kwetu Mlima Elgon, swali lake la kwanza karibu kila mara huwa juu ya tembo: huja saa ngapi, hupitia wapi, na kama mgeni anaweza kubahatika kuwaona. Ni swali zuri. Hata hivyo, mimi humwomba aliweke kando kwanza na aanze na chumvi, kwa sababu asiyeielewa chumvi hataelewa ni kwa nini mapango haya yamekuwa yalivyo, wala hatajua ni mahali gani panaweza kumdhuru.

Mlima huu ni volkano iliyozimika zamani sana, nao umekaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Upande wetu ndiko aliko Koitobos, yule mwenye kichwa bapa mfano wa meza. Volkano ilipokuwa hai haikumwaga lava peke yake. Ilirusha pia majivu na vipande vya mawe, vikaangukia mitelemko, vikalundikana tabaka juu ya tabaka hadi vikashikamana na kuwa mwamba. Mwamba huo ni laini ukilinganishwa na lava iliyoganda, na ndani yake mna chumvi, hasa salfeti ya sodiamu. Nje ya mapango hali ni kinyume kabisa: mvua nyingi ya mlimani imeosha chumvi kutoka kwenye udongo kwa maelfu ya miaka, hivyo majani, magome na nyasi za msitu huu zina sodiamu kidogo mno. Tembo anayekula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku hushiba tumbo bila kuipata chumvi ambayo mwili wake unaidai. Ndiyo maana huingia gizani, huupasua ukuta kwa pembe zake, huokota vipande kwa mkonga na kuvisaga kwa magego. Nyati, kuro na pongo hufuata nyuma yake kulamba mabaki, na chui na fisi huwafuata hao. Wafugaji nao, tangu zamani, walichimba mwamba huohuo kwa ajili ya ng'ombe wao.

Nilipoanza kazi sikuyajua haya. Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba mapango ya Elgon ni mifereji iliyoachwa na lava, nami nikawa ninawaeleza wageni hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Siku moja, ndani ya pango la Kitum, mwanafunzi mmoja alisimama akitazama gogo la mti lililogeuka jiwe, lililojitokeza ukutani, kisha akaniuliza kwa adabu: kama hapa palipita lava, mti huu ulisalimika vipi? Sikuwa na jibu. Jioni ile nilitambua kwamba ukuta ulikuwa umeniambia ukweli kila siku nami sikuusoma. Mti ule ulifunikwa na majivu msituni, na madini yakachukua nafasi ya mbao yake taratibu. Pango lenyewe lilianza pale maji yaliyoporomoka juu ya mwamba mgumu yalipoula mwamba laini ulio chini yake, kisha likapanuliwa na dari iliyoendelea kubomoka, pamoja na pembe za tembo na zana za watu. Ukitaka kuona mwanzo huo kwa macho, nenda Makingeny, ambako maji bado yanadondoka mbele ya mlango wa pango.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza kwa mwenzangu mgeni ni huu: kabla hujaongoza mtu yeyote, ingia mara kadhaa pamoja na mwongozaji mzoefu bila kundi la wageni, ukakae mbele ya ukuta mmoja kwa nusu saa. Usiielekeze tochi moja kwa moja ukutani, kwa sababu mwanga wa namna hiyo hufanya kila kitu kionekane bapa. Ishike ubavuni, mwanga utambae juu ya mwamba, na michirizi ya pembe itajitokeza yenyewe, mingine imevukana kama alama za panga kwenye gogo la kukatia nyama. Utaona imeishia kimo ambacho pembe na mkonga hufikia, na juu ya hapo mwamba una sura nyingine. Mgeni akioneshwa hivyo haongezewi maneno mengi. Hunyamaza mwenyewe, na ukimya wake ndio utakaokuonesha kwamba ameelewa.

Chumvi hiyohiyo ndiyo inayofanya dari isiaminike. Mwamba unaochimbika kwa pembe ni mwamba unaoanguka, na mabonge makubwa uliyoyakuta sakafuni yalikuwa dari siku moja. Jizoeze kutofautisha bonge la zamani na jipya: la zamani limefunikwa na vumbi na kingo zake zimelainishwa na miguu ya wanyama, ilhali jipya lina uso mkavu wenye rangi angavu na kingo kali, na ukiinua macho utaona doa la rangi ileile darini. Ukiliona, geuka na kundi lako zima, hata kama wageni wamesafiri kutoka mbali na wamekulipa vizuri. Wakati wa mvua ndefu mimi huwa mkali zaidi. Kofia ngumu ivaliwe tangu mlangoni. Isibebwe mkononi wala kufungwa kwenye begi. Tochi ziwe mbili kwa kila mtu. Mtu yeyote asigonge ukuta wala kuchukua kipande cha mwamba kama kumbukumbu. Ndani ya Kitum, pango linaloingia mlimani kwa takribani mita 200, kuna ufa mrefu wa sakafu ambamo ndama wa tembo wametumbukia wakafa. Ikiwa mnyama anayepapasa njia kwa mkonga usiku baada ya usiku huweza kukosea hatua, mtu aliyeingia leo kwa mara ya kwanza asiachwe atangulie.

Kuhusu tembo wenyewe sitasema mengi. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza vibaya, na waliosalia wana kila sababu ya kumhofu binadamu. Wengi wao huingia usiku. Asubuhi, kabla ya kukaribia mlango, chunguza njia: kinyesi kilicho na unyevu na joto, majani yaliyovunjwa muda si mrefu, nyayo ambazo maji bado yanajaa ndani yake. Tembea na askari wa wanyamapori mwenye silaha na umtii bila mabishano. Jambo moja tu lisikutoke akilini: kamwe usisimame kati ya mnyama aliye ndani na mlango wa pango, kwa maana hatakuwa na njia nyingine ya kutokea.

Popo ndio ninaotaka kuwaeleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo nimewaona waongozaji wapya wakilegea. Ndani kabisa ya baadhi ya mapango wamo popo wala matunda wa Misri, maelfu kwa maelfu, nao wanaweza kubeba virusi vya Marburg, vinavyomletea binadamu homa kali inayoweza kuua, bila wenyewe kuugua. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1967 huko Ulaya, miongoni mwa wafanyakazi wa maabara waliokuwa wameshughulikia tumbili kutoka Uganda. Mwaka 1980 mwanamume mmoja aliyekuwa ametembelea Kitum aliugua na kufariki, na mwaka 1987 kijana wa miaka 15 aliyekuwa ameingia pango hilohilo akafariki pia. Wachunguzi waliokuja baada ya vifo hivyo hawakuvipata virusi. Ilipofika mwaka 2007 ndipo dalili zake zilipogunduliwa katika popo aliyenaswa humohumo Kitum. Ninazitaja tarehe hizi kwa makusudi, maana nimemsikia mwongozaji akiwaambia wageni kwamba hizo ni hadithi za zamani. Waliokufa walikuwa wageni kama hawa tunaowaongoza.

Kwa hiyo, mahali popo wanapolala ndipo safari yangu inapoishia. Sipeleki mtu chini yao, simulikii dari yao, na sikubali kelele zitakazowafanya waruke. Wanaoingia nami huvaa barakoa, glavu na mikono mirefu, hawali wala kunywa ndani, na hawapangusi jasho usoni kwa mkono ulioshika mwamba, kwa kuwa mkojo na kinyesi cha popo hupaka mawe bila mtu kutambua. Mwenye kidonda kibichi hubaki nje kwenye mwanga, naye hakosi cha kuona: mitarakwa na mipodo mikubwa, mbega wakiruka, na ukuta wa mlangoni wenye michirizi iliyo wazi kuliko ya ndani.

Hapohapo mlangoni ndipo ninapopenda kuzungumzia watu. Jamii za Wasabaot ziliishi humu pamoja na mifugo yao, zikiziba milango kwa boma za miti dhidi ya baridi, chui na maadui. Joseph Thomson, mvumbuzi kutoka Uskoti, alipopita mwaka 1883 aliyastaajabia mapango haya akadhani yalichimbwa na watu wa kale waliotoweka, ilhali wenye makao walikuwa mbele ya macho yake. Wazee wa vijiji vya jirani bado huyataja mapango kwa majina ya koo zilizokaa humo. Nenda kwao ukawaamkie, kaa nao, uliza, na usisimulie habari za nyumba za babu zao kabla hawajakuruhusu.

Mkitoka, buti zioshwe kwa maji na dawa kabla ya kuingia garini, na glavu zitupwe mahali pamoja palipoandaliwa. Kisha andika kwenye daftari jina la kila mgeni, tarehe, pango, na umbali aliofika ndani. Dalili za Marburg huweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza, na kufikia wakati huo mgeni wako huenda yuko nchi nyingine, akidhani ana malaria. Mwambie kabla hamjaagana kwamba akipata homa katika wiki hizo tatu, neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba aliingia pangoni mwenye popo Mlima Elgon, na mwombe akurudishie maneno hayo kwa kinywa chake ili ujue ameyashika.