Mpe mwanafunzi daftari kabla ya kumuuliza atakuwa nani

Mwulize mtoto wa miaka 12 anataka kuwa nani akikua, atakutajia daktari, rubani, mwalimu au mcheza mpira. Hajachagua, ila hajui nyingine. Na si mambo ya utotoni tu: katika PISA ya mwaka 2018, utafiti wa kimataifa wa wanafunzi unaosimamiwa na OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo), karibu nusu ya vijana wa miaka 15 walitarajia kufanya mojawapo ya kazi 10 tu zinazopendwa zaidi. Kwa hiyo kati ya miaka 11 na 14 tusimharakishe mtoto kuchagua. Tumwongezee kazi anazozijua, na aone zinavyofanywa.

Shughuli ya kwanza inahitaji daftari moja kuukuu kwa kila kundi la wanafunzi wanne au watano, na vikaratasi 30 vya ukubwa wa kiganja. Dakika 5 za mwanzo walifumue: watoe pini, wahesabu karatasi, wakague jalada. Kisha swali moja ubaoni: ni nani na nani walioshughulika nalo kabla halijafika hapa? Kila mhusika aandikwe kwenye kikaratasi chake, kuanzia mti hadi duka. Watataja mkata miti, dereva na mwenye duka, halafu watanyamaza. Usiwape majibu. Wape maswali: hii mistari ilinyookaje? Nani alihakikisha karatasi haina unyevu? Mashine ikikwama usiku wa manane, anaitwa nani? Nani aliamua yachapwe mangapi? Vikaratasi vitapita 20 bila wewe kutaja kazi hata moja.

Chini ya kila jina waandike kitenzi: anapima, anachora, anatengeneza, anashawishi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu kundi likiachiwa litaandika "bosi" mara tatu na kuridhika. Kikaratasi kisicho na kitenzi kirudishwe. Mwishoni kila mwanafunzi achague vitenzi viwili angependa kuvifanya kutwa, na kimoja asichokitaka kabisa. Hicho cha tatu ndicho huzua mazungumzo, maana mtoto hujua haraka zaidi kinachomkera.

Shughuli ya pili ni jaribio la kazi yenyewe. Ukadiriaji wa rangi ya kuta hautaki zaidi ya futi kamba na kalamu. Tuseme darasa lina mita 8 kwa 6, na kuta zina kimo cha mita 3. Mzunguko ni mita 28, kuta ni mita za mraba 84. Ondoa milango na madirisha, tuseme 12, zinabaki 72. Kwa mikono miwili ya rangi ni 144, na lita moja ikifunika takriban mita 10 za mraba, zinahitajika lita 14 na nusu hivi. Makundi yakishamaliza, mwalimu ageuke mteja: ukuta wa mbele sasa anautaka rangi nyingine. Watalalamika, na walalamike, kwani kazi ya ukadiriaji ndivyo ilivyo. Gawa majukumu mapema (mpimaji, mwandishi, mkokotoaji, na wa kuzungumza na mteja) na wabadilishane kila dakika 10, la sivyo mmoja atafanya yote na wenzake wawe watazamaji.

Mgeni naye asije kuhutubia. Mwombe alete kifaa kimoja cha kazi na tatizo moja lililomsumbua wiki iliyopita, azungumze dakika 10, zinazobaki ziwe za maswali yaliyoandaliwa kipindi kilichotangulia. "Jana kati ya saa nne na saa sita ulikuwa unafanya nini?" ni swali zuri kuliko "kwa nini unaipenda kazi yako?" Mshahara usikatazwe, ila waulize anayeanza fani hiyo hulipwa kiasi gani, si yeye anapata ngapi.

Angalia pia unamwalika nani. Mwanasaikolojia Mmarekani Linda Gottfredson, katika nadharia yake ya mwaka 1981 kuhusu watoto wanavyofikia kuchagua kazi, anaeleza kwamba watoto huanza kufuta kazi "za kike" na "za kiume" wakiwa na miaka 6 hadi 8, kisha huzipima kazi kwa heshima zinayopewa katika jamii. Basi mlete fundi umeme wa kike au muuguzi wa kiume, lakini usimtambulishe kama kioja. Azungumzie nyaya na wagonjwa.

Madodoso ya mapendeleo, kama yale yanayofuata makundi sita ya haiba na kazi ya mwanasaikolojia John Holland, yana faida ndogo kwa umri huu. Yatumie kuanzishia mazungumzo, na usimpachike mtoto jina la kundi.

Baada ya kila shughuli, mistari mitatu: nilichofurahia, kilichonichosha, swali lililobaki. Ikae kwenye faili moja la mwanafunzi, ahame nayo madarasa. Vikaratasi vya daftari navyo vitunzwe, maana muhula ujao unaweza kuwapa kiatu wakakifumue, kisha waone ni kazi zipi zimejirudia.