Usiku wa Alkhamisi ni usiku upi?

Jana kijana mmoja hapa ofisini kaniletea kopi, yaani maneno ya tangazo, ya duka la mapazia. Mstari wa kwanza: "Karibuni nyote mjipatie bidhaa zenye ubora usio na kifani." Wa pili: emoji nne za moto. Wa tatu: "Bei njoo inboksi. Ofa mwisho usiku wa Jumapili." Nikavua miwani nikaiweka mezani. Sikumgombeza, maana hilo la mwisho najua lilivyoniumiza mwenyewe. Basi wanangu, mlioingia kazi hii juzi mkadhani ni kazi ya maneno matamu, kaeni nikwambieni.

1. Anza na shida ya mteja. Mama wa Jang'ombe hatafuti ubora usio na kifani. Ana dirisha la futi nne, pazia limepauka kwa jua, na wageni wa Idi wako njiani. Andika hilo dirisha. Ubora usio na kifani hata muuza urojo anao, tena yeye anao kweli.

2. Weka bei. Mtu wa Darajani akiona "njoo inboksi" anajua atapangiwa bei kwa kutazamwa picha yake ya profaili.

3. Hesabu herufi. Meseji moja ya simu ni herufi 160. Tia emoji moja tu, zinashuka mpaka 70. Hata ile koma ya juu iliyopinda, ambayo kompyuta inakutilia yenyewe kwenye ng'ombe na ng'ambo, inafanya vivyo hivyo. Kopi ya herufi 150 yenye moto mmoja inamlipisha bosi meseji tatu kwa kila namba. Na brodikasti ya WhatsApp, ile meseji moja kwa watu wengi, mwisho wake ni namba 256 kwa orodha moja, tena haimfikii asiyekusevu. Msije kunililia kuwa "watu hawajibu".

4. Siku ya mwisho. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho, duka la mapazia Mchangani. Nikaandika, na nikajisifu: seti 45,000 badala ya 60,000, taja neno ZABIBU ukifika, mwisho usiku wa Alkhamisi. Mzigo ulikuwa Dar, unapanda meli Jumatano, dukani Alkhamisi asubuhi. Mimi hesabu yangu watu wangekuja Alkhamisi, baada ya futari. Meseji zikatoka Jumanne.

Jumatano nimetoka tarawehe, sijavua kanzu, simu inalia. Mwenye duka: "Wewe, njoo uwaone watu wako."

Nikaenda. Wanawake wamejaa mpaka barabarani, wengine wametoka Bububu, watoto wamelala mabegani. "Zabibu! Zabibu!" Ndani rafu zimebaki seti mbili za kijani ambazo hata mimi nisingezitundika. Bibi mmoja kanishika mkono, taratibu kabisa: "Mwanangu, leo si ndo usiku wa Alkhamisi? Magharibi si ishaingia?"

Na kweli ndo wenyewe. Kwetu usiku hutangulia mchana wake. Mimi mwenyewe tangu mtoto nasoma Yasin usiku wa Ijumaa, na sijapata kuisoma Ijumaa hata siku moja, naisoma Alkhamisi jua likishazama. Hilo sikufundishwa na mtu, nimekua nalo. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nikawaza kama kalenda ya ukutani.

Mzigo ukafika Alkhamisi kama ulivyoahidiwa. Daftari la kaunta lilikuwa na vistari sitini na kitu vya Jumatano, kimoja kwa kila aliyetaja Zabibu, karibu wote waliorudi mikono mitupu. Alkhamisi vistari tisa. Nilikesha nikiandika meseji ya kuomba radhi na kuongeza siku, lakini wengi walishanunua duka la jirani, ambalo hata tangazo halikuwa nalo! Nililipwa nusu. Sikuidai nusu ya pili, na mkewe mwenye duka mpaka leo akiniona njiani huniita Zabibu.

Kwa hiyo: taja siku, taja tarehe, taja saa ya kufunga kwa saa zetu. "Alkhamisi tarehe 12, mpaka saa 5 usiku." Na kwanza uliza mzigo uko wapi.

5. Kila tangazo lipe neno lake. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani, zaidi ya miaka mia nyuma, alikuwa akihesabu kuponi zilizorudi ili ajue tangazo lipi limeuza. Sisi tuna neno na daftari la kaunta. Bosi atapenda moja, daftari litapenda jingine, lisikilize daftari. Mimi niliwahi kuandika tangazo la vina na mizani, nikalisoma baraza zima wakapiga makofi. Lilileta watu wawili, mmoja shemegi yangu.

6. Kabla hujatuma, msomee mtu usiyemlipa. Akiuliza swali, jibu lake halimo kwenye kopi yako.

Kijana nimemtuma ampigie bibi yake Wete amuulize usiku wa Jumapili ni lini. Karudi kimya, kaandika tarehe. Moto kaufuta, bei kaweka. Ubora usio na kifani bado upo. Umehamia mstari wa pili.