Anasoma kama maji ila haelewi, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu yuko la tano, kusoma anasoma tena kwa kasi mpaka raha, shida ni zile habari za ufahamu, ukimuuliza maswali anakutolea macho tu. Juzi kasoma bibi alikalia mbuzi akaanza kukuna nazi, akaniuliza, "Mama, kwani mbuzi hakukimbia?" Tulicheka sana ila baadae nikakosa raha, maana magazeti ya michezo anayaelewa yote, anakusimulia mpaka unachoka. Ana tatizo gani?
Mama Zai, Dodoma

JIBU: Marahaba mama Zai. Mtoto hana tatizo, nisamehe ila nakuuliza wewe, hapo jikoni kwako mbuzi ipo? Nahisi mnatumia blenda au tui la paketi. Sasa kama hajawahi kuona kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, mtu kakikalia na bakuli liko chini, atajuaje? Dodoma mbuzi anaowaona ni wale wenye pembe, kachukua anayemjua. Tena swali lake ni la akili kabisa, angekuwa haelewi asingeshtuka.

Sasa angalia kwenye mpira. Gazeti likiandika "kipa kautema, straika yupo palepale, nyavu zikatikisika," neno goli halipo hapo na dogo ameshajua ni goli, ila msomee bibi asiyefuatilia mpira, atauliza kipa alikuwa anakula nini!

Marekani mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 habari ya mechi ya besiboli, wakawawekea na uwanja mdogo wa mfano waoneshe mchezo ulivyokwenda. Wale dhaifu wa kusoma ila besiboli wanaijua waliwapita wasomaji hodari ambao mchezo hawaujui, yaani kusoma vizuri peke yake hakukuwasaidia.

Kwa hiyo kabla hajafungua kitabu mwambie habari inahusu nini, mpige stori kidogo, kama ni bandari mwoneshe picha ya meli na makontena, muulize yeye anadhani humo kutakuwa na nini. Iwe KABLA jamani, maana watafiti wengine, Bransford na Johnson, mwaka 1972 waliwasomea watu maelezo ya kufua nguo bila kutaja kufua, waliotajiwa mada mwanzoni wakaelewa, waliotajiwa mwishoni haikuwafaa kitu, walikuwa sawa tu na wale ambao hawakuambiwa kabisa. Na sisi walimu (nilikuwa hivyohivyo) tunamwacha mtoto asome wee, tunakuja kumweleza wakati wa kusahihisha, daftari limeshajaa mikasi.

Na mbuzi mtafutie, ukipata mtu anatoka Tanga au Dar muagize na nazi mbili, mwache akune mwenyewe, ila vidole umwangalie.