Kipanya kimekufa au kipanya amekufa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na wenzangu watatu tuna chumba Pasua, hapa Moshi. Mchana tunatengeneza kompyuta za watu, jioni tunacheza gemu na kuangalia muvi. Juzi nikiwa katikati ya gemu nikapiga kelele, "Jamani, kipanya amekufa!" Mwenzangu akanirekebisha: "Kimekufa." Nikamwambia panya ni mnyama, na mnyama yuko ngeli ya A-WA. Ubishi ukahamia kwingine: roboti wa kwenye muvi, zimwi la mwisho kwenye gemu, kirusi kwenye flashi, mdudu kwenye programu, yaani kosa lililojificha humo. Mpaka saa sita usiku hatujaelewana. Tuamulie.
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa kipanya, mwenzako ndiye aliyepatia. Lakini kanuni uliyoishika ni ya kweli, na ndiyo itakayotusaidia kwa hao wengine wote, kwa hiyo tuanze nayo.

Viumbe wenye uhai katika Kiswahili huvuta upatanisho wa A-WA hata kama umbo la jina lao linatazama kwingine. Kiboko ana ki-, lakini tunasema kiboko amezama. Kipepeo anaruka. Kipofu amevuka barabara. Simba na tembo hawana kiambishi cha kuonekana, nao tunasema simba amelala, tembo wamepita. Uhai unashinda umbo. Hapo ulikuwa sawa kabisa.

Ulichokisahau ni kwamba uhai unaozungumzwa ni wa kitu kilichopo mbele yako, si wa jina kililoazima. Nenda pale KIA, uwanja ulio katikati ya Moshi na Arusha. Ukimwona kunguru kwenye uzio utasema ndege ametua. KLM ikishuka kutoka Ulaya utasema ndege imetua. Jina ni moja, herufi zile zile tano, na hakuna mtoto wa darasa la pili anayechanganya. Kifaru wa Mkomazi amelala kivulini, kifaru cha jeshi kimekwama kwenye matope. Waliosimulia Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 walisema vifaru vimevuka, hawakusema wamevuka. Chombo kilipochukua jina la mnyama, kiliacha uhai wa yule mnyama nyuma, na upatanisho ukarudi kwenye umbo la neno: ki- kwa kifaru, i- kwa ndege.

Kipanya tumekipitisha njia hiyo hiyo zaidi ya mara moja. Kabla watu wengi hawajashika kompyuta, tayari tulikuwa na vipanya barabarani, zile Hiace za abiria. Konda aliita "kipanya kimejaa, subiri kinachofuata," na hakuna abiria aliyemwambia kimejaa ni kosa. Kile cha mezani kilipokuja kilikuta njia imeshachongwa. Jina lake lilianzia Marekani, kwa Douglas Engelbart na wenzake. Cha kwanza walikiunda mwaka 1964, kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini, na tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart akakionyesha hadharani huko San Francisco. Waya uliochomoza kama mkia ndio uliowafanya wakiite panya. Sisi tukaongeza ki- ya udogo, tukafanya vizuri, maana sasa panya wa stoo na kipanya cha mezani hawagombani.

Lakini tazama jambo hili. Masoud Kipanya, mchora katuni, ana panya wake anayesimama pembeni ya picha na kutoa maoni juu ya mambo ya nchi. Huyo hatumwambii kimesema. Tunasema Kipanya amesema, Kipanya kamchoma waziri. Yule wa kuchorwa ana akili, ana ulimi, ana msimamo. Hana damu, lakini ndani ya katuni yu hai, na sarufi inamheshimu kama inavyomheshimu Sungura wa hadithi za bibi. Basi neno moja, kipanya, linachukua ki- likiwa Hiace, ki- likiwa kwenye kompyuta, na a- likiwa kwenye katuni. Kinachoamua ni kama msemaji anakihesabu hicho kitu kuwa na uhai.

Na usidanganywe na kitenzi. Najua kilichokuponza ni "kufa". Ukaona kama kimekufa, basi kilikuwa hai. La. Saa hufa, betri hufa, biashara hufa, gari hufa katikati ya mteremko, na hakuna hata kimoja kinachopata a- kwa sababu hiyo.

Sasa roboti, ambaye ndiye mgumu kweli, na nafurahi mlibishana juu yake. Kwenye muvi hakuna jibu moja kwa sababu muvi zenyewe hazimwoni kwa jicho moja. Mkono wa chuma unaochomelea magari kiwandani ni mashine: roboti inachomelea, au roboti linachomelea kwa wanaosema maroboti. Yule anayependa, anayedanganya, anayemwonea huruma mtoto, huyo ni mhusika: roboti amemsaliti bwana wake. Mimi nakubali zote mbili, kwa sharti kwamba msimuliaji ajue anachokifanya.

Maana hapa Kiswahili kinakupa kitu cha thamani sana. Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, wanaikumbuka sauti ya mtafsiri juu ya picha. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kazi hiyo ya kuzisimulia sinema za nje kwa Kiswahili. Fikiria mtu wa kazi hiyo anapoliona dude la chuma linatokea kwenye skrini. Hawezi kusema kitenzi chochote bila kukitanguliza kiambishi. Kabla hajatuambia limefanya nini, tayari ametuambia ni kitu au ni mtu. Na akiwa fundi, anaweza kuuonyesha ule wakati wenyewe chombo kinapopata roho: "Roboti limelala mezani. Halina habari. Mafundi wanalizunguka. Ghafla, kafumbua macho! Anawatazama!" Umesikia lilivyogeuka? Hakusema "likapata uhai". Alibadili kiambishi tu, na nywele zikakusimama. Nyinyi mnaosimuliana muvi usiku, jaribuni hilo.

Zimwi lina njia yake, na ni ya zamani kuliko gemu zote. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi linaishi, linakula watu, na bado linachukua li-. Kwa nini? Kwa sababu tunapotaka kukikuza kiumbe mpaka kitishe, tunakitoa A-WA na kukipeleka LI-YA. Mtu anakuwa jitu, nyoka anakuwa joka. Jitu limeingia, joka limeziba njia. Upatanisho unafuata ukubwa na hofu. Kwa hiyo lile la mwisho kwenye gemu yenu, lenye damu isiyopungua hata ulipige vipi, liite zimwi au dubwana na useme limekufa, bila wasiwasi. Mkiliita adui, hapo rudi kwenye a-: adui amekufa. Ila kimilikishi hakimfuati huko. Tunasema adui yangu, kama rafiki yangu na ndugu yangu, si adui wangu.

Udogo nao hufanya vivyo hivyo kwa upande wa pili: kijitoto kinalia, kijitu kile kinajidai. Ndiyo maana hata panya halisi, ukimdogosha kwa makusudi, unaweza kusema kipanya kimeingia kwenye unga. Ki- ya kiboko haikuwekwa kumdogosha. Ni sehemu ya jina lake la kuzaliwa, ndiyo maana kiboko hasemwi kimezama.

Kirusi ni rahisi. Ni KI-VI, kiwe cha homa au cha kompyuta: kirusi kimeingia kwenye flashi, virusi vimefuta mafaili. Hata vile vya ugonjwa, ambavyo tumeambiwa vinazaliana mwilini, wasemaji hawakuwahi kuvipandisha hadhi.

Mdudu ndiye aliyenifanya nikae chini na kalamu. Jioni moja hapa Arusha nilipeleka kompyuta yangu kwa fundi, kijana mpole, ofisi yake ni meza moja na feni. Alikuwa ameiwasha, ameinama, pua yake karibu iguse skrini, anasoma mistari ya maandishi iliyokuwa ikipanda. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mzee, kuna mdudu humu. Bado sijamwona." Sijamwona, alisema, si sijauona. Nilisimama pale nikitafakari. Kama kanuni ya ndege na kifaru ni kweli, mdudu wa programu hana uhai, basi angerudi kwenye umbo lake. Lakini umbo lake ni lipi? Mdudu, wadudu: hilo ni umbo la A-WA lenyewe. Kifaru kikikosa uhai kina ki- ya kuangukia. Mdudu hana pa kuangukia. Ukimlazimisha useme mdudu umeingia, wingi utakuwa midudu, na midudu katika masikio yetu ni wadudu wakubwa wa kuchukiza, si makosa ya programu. Kwa hiyo fundi wangu alisema sawasawa: mdudu yumo, mtafute, mtoe.

Tena huyu alipata bahati ya kuwa na mwili siku moja. Tarehe 9 Septemba 1947, waendeshaji wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walikuta nondo, mdudu afananaye na kipepeo, amebanwa ndani ya swichi moja ya mashine. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika kando yake kwamba hii ni mara ya kwanza mdudu kupatikana kweli. Kuita hitilafu mdudu ni desturi iliyokuwapo kabla yao, ndiyo maana wakaona inafaa kuandikwa. Nondo huyo alikufa. Hapo A-WA haina ubishi.

Mausi, kwa wanaosema mausi, ni I-ZI: mausi imekufa, mausi mbili. Silikatai, ila kipanya kimekaa vizuri zaidi mdomoni na kina wingi wake ulio wazi. Kompyuta nayo iacheni kompyuta. Tarakilishi inatumika zaidi kwa wenzetu wa Kenya, na ngamizi imekuwa kwenye kamusi zetu kwa miaka mingi bila watu kuichukua.

Umenieleza pia kwamba ulipiga kelele ukiwa katikati ya gemu. Mkiwa na nafasi, sikilizaneni mnavyosema yule mtu mnayemwendesha anapopigwa. Hamsemi mtu wangu amekufa. Mnasema "nimekufa, shika pedi." Ngeli yote inayeyuka, inabaki nafsi ya kwanza, na gari lako likipinduka kwenye mbio unasema nimepinduka wakati umekaa kwenye kiti cha plastiki. Hilo wala msilisahihishe.

Na hicho kipanya, kabla hamjakitupa, kigeuzeni mtazame kama taa nyekundu chini imezimika kabisa au inacheza mkiukunja waya pale unapoingilia. Mara nyingi nyuzi hukatikia hapo, ndani ya plastiki, kwa kukunjwa kila siku. Kateni sentimita chache, mwunganishe upya rangi kwa rangi. Taa ikiwaka, kimefufuka.