Ampu ya valvu ya gitaa: wati ngapi zinatosha kwa hoteli za Malindi na harusi za Lamu

Ndugu muulizaji, nalirudia swali lako kwa ufupi ili anayesoma sasa asipotee. Bendi yenu ni ya watu wanne: gitaa, besi, dramu na mwimbaji. Mnapiga kwenye hoteli za ufukweni Malindi, na harusi zikitokea mnavuka Lamu. Umepata ampu tatu za valvu (zile zinazokuza sauti kwa taa za kioo, si kwa transista) zilizotumika, ya wati 15, ya wati 40 na ya wati 100, na hofu yako ni kwamba ile ya 15 itamezwa na dramu. Waliokujibu wanasema chukua kubwa, sauti ikizidi utapunguza. Kwa ampu ya transista ushauri huo hauna ubaya. Kwa ya valvu utakuumiza, kwa sababu ampu ya valvu ina utamu wake katika kiwango fulani cha sauti, na ukipiga chini sana ya hapo umelipia kitu usichokisikia.

Tuanze na wati. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Ukisimama kimya ukazilinganisha utasikia tofauti, lakini mteja aliyeshika glasi yake hataitambua. Ili sikio liseme "hii ni kubwa mara mbili", unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo ampu ya wati 100 inasikika kubwa mara mbili ya ile ya wati 10, basi. Kati ya zile 15 na 40 ulizopata pana desibeli 4 na kitu, na kati ya 15 na 100 pana 8 tu.

Watu husahau kwamba spika nayo ina namba yake, na namba hiyo inaweza kuwa na uzito kuliko wati. Karatasi ya spika hutaja desibeli inazotoa ikipewa wati 1, ukipima umbali wa mita 1. Celestion Greenback ya inchi 12 ya wati 25 inatoa 98. Vintage 30, ya kampuni hiyohiyo, inatoa 100. Ziko spika zilizo chini ya hapo sana, hasa zile ndogo za inchi 8. Ampu ya wati 15 kwenye spika ya 100 ina sauti sawa na ampu ya wati 30 kwenye spika ya 97. Ndiyo maana mtu anaweza kubeba ampu "kubwa" akazidiwa na mwenzake mwenye ndogo, kisha akailaumu ampu, kumbe ni spika.

Piga hesabu ya ampu yako ya 15. Wati 15 ni desibeli karibu 12 juu ya wati 1. Kwa spika ya 98 unapata 110 ukiwa mita 1. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali ukizidi mara mbili: mita 2 unapata 104, mita 4 unapata 98, mita 8 unapata 92. Kwa 92 pale mezani, watu hawazungumzi bila kupaza sauti, na hapo hujaweka maikrofoni yoyote. Sasa igeuze hesabu uone nyumbani: wati 1 peke yake ni 98 ukiwa karibu nayo. NIOSH ya Marekani, wanaoshughulikia afya kazini, wanaruhusu wastani wa 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika 94 umebakiwa na saa 1, na 100 ni dakika 15. Anayesema "hii ni ya wati 5 tu, ni ya chumbani" hajaiwasha chumbani.

Basi swali linalokufaa ni hili: sauti ya ampu inaanza kupasuka ikiwa kubwa kiasi gani? Valvu hazigongi ukuta ghafla. Zikikaribia kikomo, wimbi linabanwa taratibu, sauti inakuwa nene na inakwaruza kidogo, na mpigaji anaipenda hivyo. Kiwango kilichoandikwa, tuseme wati 15, kwa kawaida kimepimwa kabla ya kupasuka sana. Ukiisukuma zaidi, wimbi linajaa na nguvu inayotoka inaweza kukaribia mara mbili ya iliyoandikwa. Ampu ya transista ikifika kikomo inatoa mlio mkali usiovumilika, kwa hiyo mpigaji anarudisha nyuma mapema. Wati ni zilezile, ila za valvu unazitumia zote na ziada yake, na za transista unaacha nyingi bila kuzigusa. Ndiyo maana watu huapa kwamba wati 15 za valvu zinashinda wati 60 za transista.

Kama ampu haina karatasi, geuza nyuma uhesabu valvu kubwa. Usihesabu zile nyembamba za 12AX7, hizo ni za mwanzo. EL84 moja au 6V6 moja hutoa kama wati 5. EL84 mbili hutoa 15 hivi, kama Vox AC15. 6V6 mbili kwenye Fender Deluxe Reverb ni 22. EL84 nne ni 30, ndiyo AC30. 6L6 mbili au EL34 mbili ni 40 hadi 50. Zikiwa nne, uko 85 hadi 100, kama Twin Reverb au Marshall kubwa. Soma jina lililochapwa kwenye kioo cha valvu, usikubali neno la muuzaji.

Nobu ya sauti nayo inadanganya. "Ipo kwenye 3, bado ina nguvu tele" si kweli. Ampu nyingi hupanda haraka mwanzoni, na zikifika 4 au 5 zimeshatoa karibu sauti yote safi ziliyonayo. Kutoka hapo hadi 10 unaongeza kupasuka, si ukubwa. Kama ampu ina masta, ile nobu ya kwanza inapasua sauti kwenye valvu ndogo na masta inaamua kiasi kinachofika kwenye valvu kubwa. Inasaidia usiku, lakini mlio wa valvu ndogo ni mkavu zaidi, na usidhani ni uleule.

Sasa jibu lako. Mnapiga nini? Kama ni bango, rumba na chakacha, gitaa linatakiwa liwe safi, kila uzi usikike, na mkono wa kulia unapiga bila kupumzika. Wati 15 pembeni ya dramu zitapasuka mapema kuliko utakavyo. Hapo chukua ya 40, na ukiiona Deluxe Reverb ya 22 yenye spika ya 100, mimi ningeichagua hiyo kabla ya zote. Kama ni roki, bluzi au regge yenye gitaa la kukwaruza, 15 inatosha kabisa, na maikrofoni ya mchanganyishaji itaipeleka mbali. Ile ya 100 iache. Hapana ukumbi kati ya Casuarina ya Malindi na Shela ya Lamu utakaokuruhusu kuifikisha pale inapoanza kulia vizuri, na uzito wake si wa mchezo: Twin Reverb ina karibu kilo 29, Deluxe kama 19. Mkishuka Mokowe, mkaipandisha kwenye boti, kisha mkokoteni hadi Langoni, mtazihesabu hizo kilo kumi.

Mahali nako kunabadilisha mambo. Malindi mnapiga chini ya makuti, kuta hakuna, upepo wa kusi unatoka baharini. Makuti hunyonya mlio wa juu na sauti ya chini inatoka nje bila kurudi, kwa hiyo mpigaji anahisi ampu yake ni nyembamba na anaongeza. Asiongeze. Tatizo kubwa ni pale ampu ilipo: spika ya inchi 12 hutupa mlio mkali mbele yake moja kwa moja kama tochi, na ampu iliyo sakafuni inamulika magoti ya mpigaji. Yeye anasikia butu, anafungua trebo (nobu ya mlio wa juu), na mteja wa meza ya mbele anachomwa masikio. Iweke juu ya kreti mbili za soda au iinamishe nyuma mpaka spika iangalie uso wako, halafu ndipo upange trebo. Mara nyingi utajikuta unapunguza sauti mwenyewe.

Lamu ni kinyume chake. Nyumba ya mawe yenye kuta nene zilizopakwa chokaa, kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, sakafu ngumu: sauti hugonga na kurudi, na wati 5 za EL84 moja zinajaza. Vichochoro ni vyembamba na jirani yuko umbali wa mkono. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka desibeli 35 usiku kwa makazi, kiwango ambacho gitaa lolote linakivuka, kwa hiyo kibali cha harusi kitafutwe mapema na mjue saa ya kunyamaza, na adhana mnaijua wenyewe.

Jambo la sikio ambalo huwachanganya wengi: Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio letu linapoteza besi kwanza. Ukipanga nobu nyumbani kwa sauti ya chini utaongeza besi mpaka ikolee. Ukifika ukumbini na kuifungua, besi inavuma na kumfunika mpiga besi. Panga upya palepale, kwa sauti ya kazi.

Ukiwa na ampu tayari na ni kubwa mno, njia rahisi ni kubadilisha spika. Kutoka ya 100 kwenda ya 97 umekata nusu ya wati bila kugusa waya mwingine. Omu (kipimo cha ukinzani wa spika) zilingane na zilizoandikwa nyuma ya ampu, na spika ibebe karibu mara mbili ya wati za ampu, maana nimeshasema ikisukumwa inatoa zaidi. Kubadilisha 12AX7 ya kwanza kwa 5751 au 12AY7 kunafanya nobu iende mbali kabla ya kupasuka (kipimo cha ukuzaji ni 100, 70 na karibu 44), ila nguvu ya juu haipungui. Kung'oa valvu kubwa mbili kati ya nne kunapunguza desibeli 3 tu, ung'oe moja kila upande, na spika ya omu 16 uiweke kwenye tundu la 8. Usijaribu hivyo kwenye AC30, valvu zake zinashirikiana rezista moja.

Atenyueta, lile sanduku la kukaa kati ya ampu na spika kupunguza nguvu inayofika kwenye spika, linafanya kazi, lakini linunuliwe la wati mara mbili ya ampu, omu zilezile, na waya uwe wa spika. Waya wa gitaa huko ndani ni mwembamba. Na kamwe usiwashe ampu ya valvu bila spika wala mzigo wowote. Nguvu inakosa pa kwenda, volti zinaruka kwenye transfoma ya kutolea na kuichoma.

Umeme. Ampu ya Marekani ya volti 120 haiingii kwenye 240 zetu bila transfoma ya kushusha, na hiyo iwe na uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma kama matumizi, si wati za sauti. Umeme ukishuka hadi 200, nguvu ya ampu inashuka karibu theluthi, ambayo kwa sikio ni desibeli 1.6 tu, kinachoumia ni nyuzi za kupasha valvu, zinapata volti 5.25 badala ya 6.3 na valvu zinachoka. Stabilaiza iwekwe. Inveta ya sola isiyo ya wimbi safi inaleta mvumo na kuipasha transfoma. Chumvi ya bahari inakula soketi za valvu na tundu la gitaa: mkwaruzo unaokuja na kwenda ukitikisa plagi ni kutu, si valvu mbovu. Toa valvu ampu ikiwa baridi na imechomolewa, pulizia kisafishaji cha vigusano, rudisha mara kadhaa. Ndani kabisa usiingie, kapasita zina volti 300 hadi 450 hata baada ya kuzima. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kabla hujalipa, peleka ampu mbili ukumbini pamoja na dramu. Anza na ya 15, nobu kwenye 5, mpigaji dramu apige kama siku ya kazi, na mtu asimame mita 8. Akisikia gitaa safi vya kutosha, umepata jibu. Likianza kupasuka kabla hujasikika, chukua ya 40. Weka hapa picha ya nyuma ya hiyo ya 40, namba ya valvu zake na namba iliyo kwenye sumaku ya spika, nitakwambia inatoa desibeli ngapi.