Pawa saplai isiwe kitu cha mwisho kufikiriwa

Ndugu, umeuliza iwapo kadi ya michoro RTX 4060 na prosesa Ryzen 5 5600 zinaweza kutumia pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya bei rahisi iliyokuja na kasha, ukiwa hapa Moshi. Kadi na prosesa hiyo zinaendana vizuri. Ninachokipinga ni hiyo pawa saplai.

Kadi hutumia takriban wati 115 na prosesa wati 65, kwa hiyo kwenye karatasi hata wati 400 zingetosha, lakini mtengenezaji wa kadi anapendekeza 550, na umeme wetu unaokatika na kurudi ghafla hauna huruma na kifaa kisicho na kinga za ndani. Mimi nilibania hapo. Nilinunua moja nyepesi kama boksi tupu, na jioni moja umeme uliporudi nikasikia mlio mkavu, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Iliondoka na ubao mama, yaani ubao unaounganisha vifaa vyote. Alama ya 80 PLUS itakusaidia, ingawa yenyewe hupima ufanisi tu, hivyo soma pia kama kuna kinga ya volti kuzidi, kisha ongeza UPS, yaani betri inayoshikilia umeme unapokatika.

Kuhusu RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), ubao mama wa AM4, ambao ndio wa prosesa hiyo, hupokea aina ya DDR4 pekee. DDR5 haiingii hata ukiisukuma, kwa sababu pengo lake liko mahali pengine. Chukua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, ili prosesa isome kwa njia mbili. Kasha ni lolote lenye vichujio vya vumbi vinavyochomoka.